Eksileta ya Shangazi

Hii wakiisoma bodaboda wenzangu wa kijiweni Makorora, najua wataniita daktari mpaka nizeeke. Sawa, niiteni.

Shangazi yangu, ndiye aliyenilea, ana saratani ya damu. Kliniki nilimpeleka mimi na pikipiki yangu, na daktari, dada mmoja mpole, akatueleza. Ndani ya seli za damu kuna protini inafanya kazi kama swichi. Kwa mtu mwenye afya, mwili unaiwasha seli mpya zikihitajika, kisha unaizima. Ya shangazi imeharibika, haizimiki, seli nyeupe zinazaliana tu.

"Eksileta imenasa!" nikadakia. Naijua shida hiyo. Ya pikipiki yangu springi ilishakufa, nimeifunga kipande cha tyubu pale usukani, ndio kinaivuta irudi.

"Hapo hapo," daktari akasema. "Na kidonge hiki ndicho kinaizuia."

Bora angeninyamazisha. Toka siku ile shangazi akaona daktari ni mimi. Kichefuchefu, ananiuliza mimi. Miguu inakaza, mimi. Nimeishia la saba, jamani!

Vipimo vikawa vizuri. Ramadhani ikaingia, akaanza tena.

"Mwanangu, hivi vidonge vinanichafua roho. Nikivipumzisha je?"

Na mimi abiria wa Nguvumali ananipigia simu kama ananidai mahari. Nikamjibu kifundi: "Shangazi, eksileta ukiitia oili ikaachia, imeachia. Nani anaendesha na kopo la oili mkononi?"

Akafurahi huyo! Vidonge akavifungia kabatini mfungo mzima.

Baada ya Idi tukarudi kupima. Seli zimepanda, na shangazi akakiri vidonge hakumeza mfungo mzima. Yule dada mpole upole ukamwisha.

"Mama, kidonge unameza na chakula. Kwani futari ulikuwa huli?"

"Nakula, mwanangu. Ila huyu alisema imeachia."

Daktari akanigeukia. "Kijana, dawa haitengenezi swichi. Inaikalia tu. Ikitoka, swichi inawaka. Ugonjwa ukikolea, hata dawa hii inaweza isimfae tena. Umeelewa?"

Nilielewa. Shangazi akaambiwa aanze upya siku hiyo hiyo, turudi tena kupima.

Tukatoka nje. Nimeshawasha pikipiki, yeye hapandi. Kasimama anaangalia usukani, kisha akakigusa kile kipande cha tyubu kwa kidole.

"Na huu mpira, fundi, mbona hujaufungua? Si eksileta imeshaachia?"