Haragwe Moja kwa Kikombe ya Msichana wa Maswali

Wacha niwaambie vile maharagwe karibu iniue na woga, na hata hakukuwa na moja kwa sufuria.

Ilikuwa hiyo miaka simu ya mkono inaanza kuingia kwetu Bungoma, ukitaka kupiga unaenda kwa jirani unaomba. Binti yangu alikuwa amekufa, akaniachia mtoto wake, kasichana kadogo kanaanza shule, kananiita kukhu, yaani nyanya yake, mdomo mingi kama mimi. Tuliishi sisi wawili tu. Kama si hako katoto, hiyo nyumba ningeongea na kuku.

Sasa kukaja msichana mmoja, mtu wa Nairobi, mpole, amesoma. Akasema wanatengeneza kipimo.

"Kipimo ya nini, mahindi?" nikamuuliza.

Akacheka, akaniita shosho, vile Nairobi wanaita nyanya. "Hapana, shosho. Ya mzigo. Vile duka iko na mizani ya sukari, sisi tunataka mizani ya kupima vile nyanya wanalemewa na kulea wajukuu. Lakini lazima kwanza tuijaribu tuone kama inasema ukweli."

Mimi mtu akitaka kuongea na mimi ni kama amenipea nyama. Nikamwekea kiti, nikapika chai. Akatoa kikombe ya plastiki na maharagwe. Anakuuliza kitu. Kama haiko kabisa, huweki. Kama ni kidogo, unaweka moja. Kama ni kila siku, unaweka tano. Unamrudishia kikombe, anaangalia, anaandika. Unakosa usingizi? Nikaweka tatu. Mgongo inauma? Nikajaza. Tukaongea vizuri sana.

Halafu akauliza, "Umewahi kutaka huyu mtoto achukuliwe na watu wengine?"

Mimi? Hata siku moja. Nikaweka haragwe moja, nikamrudishia kikombe, kwa sababu chombo ya mgeni hairudi tupu. Jirani akikuletea mboga kwa sahani, utarudisha sahani hivyo hivyo? Unaweka hata kitunguu. Hiyo mkono inafanya yenyewe, hauulizi kichwa. Akaandika, akaenda.

Wiki mingi haikupita, akarudi. Maswali ni ile ile. Kwetu ni nani anakuuliza kitu moja mara mbili? Ni polisi. Ni wazee wakijua umedanganya. Nikaanza kutafuta kwa kichwa, usingizi niliweka ngapi, mgongo ngapi. Maharagwe inaanguka chini. Tukafika kwa ile swali ya mtoto, nikaweka moja tena. Yeye akaangalia ndani ya kikombe, akaangalia mtoto akicheza mlangoni, akaandika. Hiyo kuangalia nilitembea nayo mpaka kwa jirani.

Jirani akaniambia, "Kumbe uliwapea ruhusa? Si wameuliza kama unataka achukuliwe, wewe ukasema kidogo. Sasa wakirudi wanakuja na gari ya kubeba mtoto."

"Ile ilikuwa ya heshima tu."

"Nenda uwaambie Nairobi hiyo heshima yako. Wao wameandika moja."

Sikubishana. Kulipokucha nilimvalisha mtoto sweta, nikafunga kuku kwa kikapu, tukaenda Kitale kwa dada yangu mkubwa. Yeye pia alikuwa analea mjukuu, kijana. Sikumwambia kitu. Nilimwambia nimemkumbuka, na hiyo ilikuwa kweli.

Siku ya pili niko jikoni nachambua mboga, nikasikia mtu anabisha mbele. Halafu ile sauti. "Hodi, shosho. Tunatengeneza kipimo."

Jamani! Nilivuta mtoto chini kando ya jiko, nikamfunika mdomo. Nikasema kwa roho, huyu amenifuata kutoka Bungoma, amejua mpaka kwa dada. Mtoto akatoa mkono yangu pole pole. "Kukhu, si huyo ni yule auntie wa maharagwe? Twende tumsalimie."

"Nyamaza. Ukisalimia utabebwa."

Macho yake ikakuwa kubwa. Nilijuta kumwambia hivyo, lakini ilikuwa imetoka.

Tukakaa hapo tunasikiliza. Huko mbele dada anajibu, anacheka, haragwe inagonga plastiki. Usingizi. Mgongo. Chakula. Najua inayofuata, nahesabu pumzi. "Umewahi kutaka huyu mtoto achukuliwe na watu wengine?"

Dada akasema, "Huyu? Nitakufa naye." Halafu nikasikia, tok. Moja.

Sijui nilisimama vipi. Nilitoka huko na mboga kwa mkono. "Toa hiyo haragwe, watakuchukulia mtoto!"

Dada akaniangalia kama ameona mwendawazimu. "Nitoe nimrudishie mgeni kikombe tupu? Wewe mama alikufunza nini?"

Msichana aliacha kuandika. Akatuangalia, mimi, dada, kikombe. Akasema, "Shosho wa Bungoma, wewe pia ile moja ilikuwa ya hivyo?"

"Ilikuwa ya mgeni," nikasema. "Mtoto sitoi. Andika hiyo sasa, nikiona."

Akaweka kalamu chini. Akasema hakunifuata, wanazunguka kwa nyanya wengi, na Bungoma, Kimilili, kila mahali, hiyo swali inarudi na moja, na walikuwa wanashangaa sana. "Kumbe tumepima adabu," akasema, na hakucheka. Akatuambia hakuna gari, hakuna mtu anachukua mtoto wa mtu, na anarudi mara mbili kwa sababu mizani nzuri mtu akipanda leo na kesho inasema kitu moja. Sisi hatuangaliwi. Inaangaliwa hiyo mizani.

Akaweka kikombe kwa mkoba. Akachimba chini kwa mchanga shimo ndogo sita, moja tupu, zingine akaziwekea maharagwe, moja mpaka tano, ya mwisho ikawa imejaa. "Nionyeshe na kidole tu."

Akauliza tena ile swali. Nikaweka kidole kwa shimo tupu, nikaisukuma mpaka ikaingia mchangani.

"Asante, shosho. Nitakuja tena Bungoma nikuulize hivyo hivyo."

Nikasema sawa. Na alikuja kweli, na nilimpikia chai. Lakini mpaka akamaliza maswali yote, mtoto alikuwa amekaa kwa mapaja yangu analia, "Kukhu, unaniminya mkono," na mimi sikuachilia.