Udongo wa Kupeleka Shamba

Maabara yetu ya mifugo, Mombasa, ilinituma Shimba Hills baada ya mvua za El Niño, nikapime damu ya nguruwe. Mbu walikuwa wamezaana kupita kiasi, na wakubwa walitaka kujua kama kirusi kinachoenezwa na mbu hao kimeingia mazizini. Wenzangu walikuwa likizo. Nikabaki mimi, Mwislamu wa Majengo, ambaye nguruwe nilikuwa nimemwona pichani tu.

Mama yangu hakunizuia. Alinifungia kopo la udongo safi, maana anayepatwa na mate ya nguruwe hujiosha mara saba, moja kwa udongo. "Huko kumejaa nguruwe," alisema. "Udongo wao utauamini vipi?" Nikaona ana hoja.

Saa moja asubuhi nilivuka Likoni na sanduku la barafu begani, kopo mkononi. Matuga nilipandishwa gari la ofisi. Dereva, Mdigo mcheshi aitwaye Kombo, aliuliza nimebeba nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Kaka, wapeleka udongo shamba?"

Saa nne tulifika kwa Mama Mwende, mjane wa Kikamba aliyehamia huko zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Majike wake wawili walikuwa wameharibu mimba wakati wa mvua. Wa tatu, Malkia, alikuwa karibu kuzaa.

"Mkiikuta hiyo homa ya mbu, mtawaua?" aliuliza.

"Mimi natoa damu tu, mama. Wanaoamua ni wengine."

Jibu hilo halikumtuliza, na mimi pia lilinikera.

Tulianza na wale wawili, kisha tukamfunga Malkia kamba kwenye taya la juu ili atulie. Mama Mwende aliishika, naye Malkia akapiga kelele za kutoboa masikio. Kichupa kilipojaa tu, alitikisa kichwa akanipaka mate mkono mzima, toka kiganja hadi kwapa. Niliganda kama nguzo.

Mama Mwende aliondoka, akarudi na ndoo ya maji na bakuli la udongo mwekundu.

"Nimeuchimba leo kwa Bibi Mwanasha, jirani yangu," alisema. "Nguruwe hawafiki kule. Yeye ndiye aliyenifundisha sharti lenu. Nilipoambiwa jina la daktari anayekuja, nikajua utauhitaji."

Alinimiminia maji akihesabu kwa Kikamba. Alipomaliza ya saba, Kombo alitoka garini na kopo langu, akaeleza yote. Hapo Mama Mwende akacheka kwa mara ya kwanza. Aliuomba udongo wa Mombasa, akapandia mche wa pilipili.

Alasiri nilirudi mjini na vichupa vyangu, nikiona haya kidogo. Nilikwenda nikidhani usafi wangu ni shauri langu peke yangu, kumbe kuna aliyeudamkia asubuhi kabla sijafika.

Wiki tatu baadaye majibu yalitoka. Wale majike wawili walikuwa wamepata kirusi na wakapona. Malkia hakuwa nacho. Hakuna wa kuuawa. Barua ingeweza kutumwa kwa posta, lakini niliomba niipeleke mwenyewe. Mama yangu alikuwa ameshajaza kopo jingine. Nililiacha mlangoni, naye akanuna.

Mama Mwende aliisoma barua mara mbili, akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akaingia zizini mbio, akatoka na kitoto kimoja cha Malkia kati ya tisa, wote wazima. Alikuwa ameshaninyooshea alipokumbuka mimi ni nani, akasita.

Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe, mama," nikamwambia. "Udongo si upo?"