Okwudili Hakiri Maumivu

Pikipiki ndiyo iliyomvunja Okwudili, si mchikichi, na hilo lilimuuma kuliko mfupa wenyewe. Mgema wa kijiji kizima, anayepanda tangu hajaota ndevu, avunjwe akiwa amekaa nyuma ya bodaboda kama gunia la mihogo! Ugoko ulipasuka juu kabisa, pale unapobeba goti, hospitalini wakaufunga kwa chuma.

Tangu hapo alikuwa na neno moja: kabla ya sikukuu ya viazi vikuu vipya, atapanda tena mchikichi. Mazoezi aliyafanya mpaka jasho likamlowesha, na kamba yake ya kupandia aliitundika mbele ya kitanda ili aione kila akifumbua macho.

Shida ilikuwa mdomo wake. Kanisani kwao maradhi hayakiriwi, ukiyataja, umeyakaribisha. Basi kila Ezinne, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, alipompima, majibu yalikuwa yale yale.

"Goti linauma usiku, Baba?"

"Nakataa! Halina ruhusa."

"Kuchuchumaa je?"

"Kwa jina la Bwana, nachuchumaa."

"Nauliza ya leo, Baba, si ya imani."

"Ndiyo hiyo hiyo, binti yangu."

Ugoeze, mkewe, alitazama dari. Asubuhi ile ile alikuwa amemwinua chooni.

Mwishowe Ezinne akaweka kalamu chini. "Basi hongera. Kwa majibu haya umepona. Nafasi yako nampa mwingine."

Okwudili akapeana mikono na kila mtu, mpaka mlinzi wa getini. Alipofika nyumbani akachukua kamba, akaenda kwenye mchikichi mfupi kuliko yote, ule wanaouchezea watoto. Akajifunga, akaegemea nyuma, akakanyaga shina. Goti likagoma. Hajafika hata kimo cha mbuzi, akateleza, akaketi chini puu!

"Likemee basi," alisema Ugoeze, bila kucheka. "Si unalikemea miezi yote hii? Limesikia?"

Aliona aibu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyomwinua.

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Ezinne, kamba begani.

"Baba, si umepona?"

Akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku.

"Linauma," alisema. Mbingu hazikuanguka. "Linauma sana. Kuchuchumaa siwezi. Mke wangu ndiye ananiinua chooni. Andika yote, binti yangu, halafu tuanze upya, maana ule mti nitaupanda."