Ukuta wa Samaki wa Karatasi

Gundi ya unga wa muhogo ina harufu yake: chachu kidogo, tamu kidogo, kama uji uliosahaulika jikoni. Mwezi uliopita mafundi walikuwa wakibandika karatasi za ukutani katika nyumba niliyojijengea hapa Likasi, na mmoja wao, gundi ya dukani ilipomwishia, akachemsha ya unga. Nilisimama mlangoni na diploma yangu, nikawa na miaka tisa tena.

Niwaambieni mapema, ndugu zangu, msije mkadhani najisifu bure: mimi ndiye binti wa kwanza wa kambi yetu ya wafanyakazi pale Panda, mtaa wa Likasi hii hii, kwenda kusoma sanaa Ulaya, na nilirudi na diploma yenye heshima. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Lakini pop art, ile sanaa ya vitu vya dukani na matangazo ambayo wenzangu waliihangaikia mwaka mzima, mimi niliijua kabla sijatoka Panda.

Kwanza niliiona kwenye nguo. Siku za sikukuu za chama, mama alivaa kitenge kilichochapishwa uso wa Rais, uleule mmoja, kifuani, tumboni, mpaka pale anapokalia. Nilipotembea nyuma yake zile nyuso zilikuwa zikipanda na kushuka, na nilijua bila kufundishwa kwamba si jambo la kuchekea barabarani.

Kisha likaja jambo la ukuta. Dada yangu mkubwa, Ngoie, niliyemwita yaya kama kwetu tunavyowaita wakubwa zetu, alikuwa amechumbiwa na Ilunga, kijana aliyefanya kazi na baba kiwandani lakini kwao ni wavuvi wa ziwa Tshangalele. Siku ilipangwa watu wake waje kwetu wakiongozwa na Nkambo, bibi yake, ambaye neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Mama akaanza kuhangaika. Alikuwa na msemo wake: “Mugeni anaona ukuta mbele ya kuona sufuria.” Na katika mji wetu wa miaka ile, sebule isiyo na picha haikuwa sebule. Mama aliagiza kwa mchoraji mmoja wa mtaa wa Kikula picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Siku tatu kabla ya wageni, mchoraji akatuma habari kwamba amekosa gunia la unga la kuchorea. Ukuta ukabaki mtupu.

Ndipo nilipofanya kazi yangu ya kwanza ya sanaa. Nyuma ya nyumba za wakubwa wa kazi kulikuwa na mashimo ambamo wapishi wao walitupa mikebe ya samaki wa mchuzi wa nyanya. Kila mkebe ulikuwa umevaa karatasi nyekundu yenye samaki mmoja wa rangi ya fedha, jicho wazi, kama anayeshangaa kujikuta hapo. Niliokota mikebe kwa siku mbili, nikailoweka katika beseni, karatasi zikajivua zenyewe. Mama alipokwenda sokoni Kikula, Ngoie akanichemshia gundi na mimi nikabandika: safu juu ya safu, samaki yuleyule, kutoka mlangoni mpaka dirishani.

Mama aliporudi alisimama na kapu kichwani. Kisha akatabasamu polepole. “Inafanana na nyumba ya mukubwa,” akasema. Akaniita fundi. Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Jumapili wageni wakafika. Nkambo alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya kupima mtu. Alibeba mwenyewe kikapu cha samaki wakavu wa Tshangalele, zawadi ya ukoo wao. Kikipokelewa, mazungumzo ya ndoa yanaanza. Aliketi, akainua macho, akauona ukuta. Akakirudisha kikapu katikati ya miguu yake.

“Nani njo alibandika ile masamaki?” akauliza.

“Ni minye, Nkambo,” nikajibu, nikingoja sifa.

Hakunitazama. Akamgeukia baba. “Tata, ku nyumba hii munakula samaki ya mu mukebe, mupaka munajaza nayo kibambazi. Basi hii yetu ya moshi, ya bantu ba ku ziwa, mutaipeleka wapi? Kwa mbwa?”

Mjomba wa Ilunga akaanza kutafuta kofia yake. Baba akaanza kuchunguza viatu vyake. Ilunga alimtazama Ngoie, na Ngoie aliitazama sakafu, mikono yake bado ina gundi kwenye kucha. Hata mimi nilielewa kwamba kikapu kile kikitoka, dada yangu hataolewa na mtu anayempenda.

Mama alisimama. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumwambia jirani kwamba chumvi imekwisha.

“Nkambo,” akasema, “ile samaki si sisi tulikula. Ni takataka. Mutoto aliiokota ku mashimo ya bakubwa. Sisi mikebe tunaionaka siku ya Noeli, na hapo mumoja, watu saba.”

Nkambo akampima baba kuanzia kichwa mpaka miguu, akapasuka kwa kicheko. “Minye nilisema! Namuna gani muntu atakula vile vyote na abakie mwembamba kama mwiko!” Kila mtu akacheka, baba kuliko wote, na kikapu kikavuka sebule mpaka miguuni pa mama.

Mimi peke yangu nililia, nyuma ya jiko. Mama alikuwa ameiita kazi yangu takataka mbele ya watu. Nilisusa kula. Nilisusa kipande kimoja, kisha harufu ikanishinda.

Miaka mingi baadaye, Brussels, mwalimu alituonyesha vinara wa pop art. Mmoja alipanga mikebe ya supu safu kwa safu, mwingine alikuza picha za katuni mpaka vidoa vya wino vikaonekana, wa tatu alishona chakula cha kitambaa kikubwa kama godoro. Akauliza: kwa nini mkebe uleule mara nyingi hivyo? Mimi nikajibu: “Mkebe mmoja ni chakula. Mikebe hamsini ni tamaa ya mwenye ukuta.” Mwalimu aliliandika jibu langu katika daftari lake, na mimi nikaringa nalo miaka kumi.

Lakini lile jibu nilikuwa nimelisoma usoni mwa mama siku ile aliposimama na kapu kichwani. Na wale mabwana wakubwa, kwa ustadi wao wote, walijua kuitundika tamaa ukutani. Kuitaja kwa jina mbele ya wageni, ili mtoto wako aolewe, sijaona chuo kinachofundisha.

Sebuleni mwangu sasa nimetundika turubai niliyoichora mwenyewe: samaki wa fedha kwenye nyekundu, safu kwa safu. Wageni wakiuliza, nilikuwa nikijibu, “Ni kazi ya Brussels.” Mafundi walipoondoka, harufu ya gundi ikiwa haijaisha, Ngoie alikuja na mume wake Ilunga, nywele zao nyeupe, kikapu mkononi. Walinikuta na wageni wenye vyeo vyao. Dada akasimama mlangoni, akatazama ukuta.

“Hii nayo ni ya Ulaya?”

Diploma yangu ilikuwa tayari ulimini. Nikaimeza.

“Hapana, yaya. Ni ya mu takataka ya bakubwa.”

“Basi,” akasema, akikiingiza kikapu, “samaki yangu inaweza kuingia.”