Ukuta wa Nyota

"Dada, kakako tumemkosea nini? Siku hizi anatupita kama watu asiowajua."

Jirani aliniuliza hivyo tukiwa tunaanika nguo. Nikamjibu kwamba kaka ana mawazo mengi. Mungu anisamehe, maana moyoni nilishaanza kuogopa.

Kaka yangu ni mchora vibao, watu humwita Brashi. Miaka thelathini na mbili amesimama kwenye ngazi, uso kwa uso na kuta nyeupe zinazomrudishia jua machoni. Kofia hakutaka, eti inamziba. Jicho la kushoto lilikufa zamani. Lililobaki hakukubali daktari aliguse.

"Wakiliharibu na hili, nitakula nini, herufi?" alikuwa akisema.

Mwaka huu mwalimu wa sayansi alimwomba achore nyota kwenye ukuta wa shule, zipangwe kwa rangi: buluu, nyeupe, jua letu la njano, nyota ndogo ya rangi ya chungwa, mwisho nyekundu. Akamweleza kwamba hiyo ya chungwa ni ndogo kuliko jua, joto lake ni pungufu, na inaishi muda mrefu zaidi. Hata mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi na macho, kwa kawaida inatoa michache.

"Kumbe nimezaliwa pasipo pangu," kaka akasema. "Vibao ningechora huko!"

Siku ya tatu nikampelekea chakula. Nilikuta watoto wamejaa mbele ya ukuta, wananong'onezana.

"Babu Brashi, jua ni lipi?" mmoja akauliza.

"Huoni hilo la njano?"

"Hilo na la pembeni yake, yote ya chungwa, babu."

Kaka akacheka, akidhani anataniwa. Akanigeukia. "Mdogo wangu, hebu waambie hawa."

Nikatazama. Kopo la njano lilikuwa wazi pale chini, rangi imeota ngozi juu, haijaguswa. Jirani nilikuwa nimemzungusha, ila kaka sikuweza.

"Ni rangi moja, kaka."

Akashuka, akipapasa kila kidato kwa mguu. Aliisuuza brashi vizuri kama siku zote, ndipo akakaa chini. Watoto wakaondoka mmoja mmoja bila kuambiwa.

Kesho yake alikubali twende hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, amekomaa hadi kuwa kahawia, ndiyo maana rangi zinamchanganya, na jua la miaka yote hiyo limechangia. Upasuaji mara nyingi hufaulu, lakini kuahidi hakuahidi. Bila upasuaji, giza litakuja tu.

Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo. Mwisho kaka akaomba kalamu, akatia sahihi, herufi zimenyooka kama za kibao. Tukapewa siku ya Jumatatu.

Nje, kwenye benchi, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, kabla ya Jumatatu nipeleke shuleni, nilipake lile jua njano. Wewe unishikie kopo, uniambie nikitoka nje ya mstari."