Chupa ya Uji wa Mama Mkwe

Leo nimemnywesha wifi yangu dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu wa kujifungua, kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikujua, jamani. Mama mkwe alinipa chupa ya chai, akasema ni uji, nimpe huyo binti yake kabla hajaingia wodi ya wazazi.

Muda si mrefu uchungu ukamzidi, mapigo ya mtoto yakaanza kushuka. Nesi akauliza amekunywa nini.

"Uji tu," mama mkwe akajibu.

Huku kwetu Lushoto mama mkwe humbishii mbele za watu.

Nikampa nesi chupa. Akanusa, akanirudishia, akakimbia kumwita daktari.

"Hata mimi nilinyweshwa dawa hiyo nikamzaa yeye," mama mkwe akaninong'oneza.

Mngekuwa mimi mngenyamaza?

Wifi bado yuko chumba cha upasuaji. Sisi tuko benchi moja, chupa katikati yetu.