Kurudisha Muravumba Kalundu

Nilishuka Kalundu, kando ya ziwa, na mfuko mmoja, nikapewa koleo kabla ya maji ya kunawa. Yaya, dada yangu mkubwa, hajui kukaribisha kwa njia nyingine. Ziwa lilipopanda lilizika bustani ya marehemu bibi yetu chini ya mchanga, na yaya aliutoa kwa beseni, peke yake, msimu mzima. Alisema beseni mia nne. Nilitazama lundo mara mbili nikaona amejipunja.

Ungeiona bustani ile tulipokuwa wadogo! Asubuhi ilinukia ndagala, samaki wadogo wa ziwa, zilizoanikwa na majani ya sitroneli yaliyokanyagwa. Tulichota maji ziwani kwa bidoni, tukamwagilia mibirizi, dawa ya homa, tukapalilia kila tuta isipokuwa kona ya matete. "Kule kuko na wenyewe," bibi alisema. Wenyewe walikuwa nyuki, ndege wawili aina ya chozi, na kenge mmoja aliyetutazama kama mwalimu anayekagua kucha.

Bibi alikuwa na sheria moja: mche wa dawa haushukuriwi. Unaupokea, unanyamaza, unageuka, unaenda. Lakini shuleni tulikuwa tumefundishwa adabu. Siku mama mmoja alipotelemka kutoka Bijombo na mche wa muravumba, dawa ya kikohozi, nilisema asante kwa sauti, nikaongeza na ya Kifaransa.

"Weye mutoto!" bibi alipiga kelele. "Unaua muti yangu!"

Kweli ulikauka. Mama yule alipoleta mwingine, nilifungiwa jikoni mpaka aondoke.

Huo wa pili ndio ziwa lilioumeza. Dawa za bibi zilikuwa kumi. Yaya alizirudisha tisa, akizunguka kwa watu ambao bibi aliwahi kuwagawia miche. Ya kumi, muravumba, tuliisikia iko Luvungi kwa jirani yetu wa zamani, mti mmoja tu, tena mzee. Yaya alinichukua kwa sababu najua kupatana.

"Mama, tupe matawi matatu."

"Moja. Na hilo ni kwa ajili ya bibi yenu."

"Moja likikauka tutarudi kukusumbua. Ukitupa mawili hutatuona tena."

"Weye hata mu kanisa utaomba sala ipunguzwe," alicheka, akakata mawili. Nikafungua mdomo, yaya akanikanyaga mguu. Tuligeuka tukaondoka kimya, na njiani dereva wa pikipiki akatuuliza kama tumefiwa.

Tawi moja lilioza. La pili likashika, likatoa maua, na juzi nilihesabu chozi watano. Nikahesabu tena: sita. Yaya alisimama na beseni kichwani akiwatazama, na mimi nikamtazama yeye. Mikono yake imepasuka kama udongo wa kiangazi, na hajalalamika hata mara moja.

Jana jirani wa hapa Kalundu alileta mtoto anayekohoa, akaomba majani. Mangapi? Hata yaya hakujua. Bibi alikuwa akimwangalia mtoto machoni, anamgusa kifua, ndipo anachuma: leo manne, kesho saba. Hatukumuuliza kwa nini. Na mimi ninayehesabu kila kitu, hilo sikulihesabu.

Yaya alimbeba mtoto mgongoni, akampeleka kituo cha afya. Muravumba umenifika begani, majani tele. Ndege wanaufaidi. Sisi tunaumwagilia tu.